Cazaly Hakuruka Peke Yake

Ndugu zangu makocha, mada ni Roy Cazaly, mchezaji wa kandanda ya Kiaustralia, ule mchezo wao ambamo mpira hupigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, na kwake nitafika. Mnaonifahamu mnajua kwamba lazima nianze na Fred Fleiter.

Taja Cazaly mbele ya Waaustralia, na hata asiyefuatilia kandanda yao atakurushia ule ukelele: "Juu huko, Cazaly!" Askari wao waliupiga hadi vitani Afrika Kaskazini, katika Vita Kuu ya Pili. Basi waulize nani aliuanzisha. Kimya! Ni Fleiter, mwenzake katika klabu ya South Melbourne, kuanzia 1921.

Katika mchezo ule, ukiudaka mpira uliopigwa na mguu kabla haujagusa chini, ni wako. Unarudi nyuma, unapiga bila kusumbuliwa. Kwa hiyo watu wanauwania angani. Cazaly alikuwa na kama sentimita 180, kimo kidogo kwa kazi ya kugombea mipira ya juu na majitu. Fleiter alitangulia kwa mabega, akiwazuia wapinzani wasimfikie mwenzake, jambo ambalo sheria zao zinaliruhusu. Nafasi ikipatikana, anapaza sauti, na Cazaly anapaa. Chini yao alikuwepo Mark Tandy, akisubiri mpira utakaodondoka. Watu watatu, kazi moja. Uwanja mzima ukaudaka ukelele, lakini jina lililobaki ndani yake ni la yule aliyeonekana juu.

Mtaniambia: mwalimu, asingeweza kuruka, Fleiter angepiga kelele mpaka koo likauke. Kweli, na simpunguzii Cazaly hata chembe. Kijana yule alining'iniza mpira bandani kwao, akawa anaurukia na kuurukia, akijifunza kujaza pumzi kifuani wakati wa kupanda. Kipaji kile kilifanyiwa kazi. Ninachokataa ni mazoea yetu sisi watu wa mpira: tunampa zawadi aliyefunga, na yule aliyewaondoa mabeki wawili njiani hatumtaji hata kwenye kikao cha timu. Kisha tunashangaa kwamba vijana wote wanataka namba tisa! Mchezaji atajuaje kwamba kumfungulia mwenzake njia ni kazi, kama kocha wake hajawahi kuisifia?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka.

Cazaly alizaliwa 13 Januari 1893. Aliingia ligi kuu ya Victoria, jimbo la Australia, mwaka 1911 akiwa na klabu ya St Kilda, wakati wachezaji wa klabu hiyo walipogoma na nafasi zikapatikana kwa wageni. Ule mgomo ungestahili mhadhara wake. Akacheza mechi 99 St Kilda, na nyingine 99 South Melbourne, ambako alimaliza 1927. Mwaka 1925 aliondoka kwenda kufundisha Minyip, mji mdogo wa bara, akarudi. Mwaka 1928 akahamia Launceston, kisiwani Tasmania.

Wengi hukunja kitabu hapo, kana kwamba mtu akitoka ligi kuu amekufa. Hapana! Aliendelea kucheza na kufundisha katika ligi ndogo, na alikuwa bado uwanjani na Camberwell mwaka 1941, akiwa na miaka 48. Arobaini na minane! Alifundisha South Melbourne, kisha Hawthorn mwaka 1942 na 1943. Hawthorn walikuwa wakijiita kwa jina la maua. Yeye akataka waitwe Mwewe, na Mwewe wanaitwa hadi leo. Alifariki Hobart tarehe 10 Oktoba 1963. Mwaka 1996, Australia ilipofungua jumba la heshima la kandanda yake, alikuwa miongoni mwa magwiji 12 wa kwanza.

Sasa, kabla ya maswali, nina ombi kwa kila kocha aliyeketi hapa. Jumamosi hii, baada ya mechi, msifieni kwa jina, mbele ya wenzake, mchezaji mmoja ambaye hakugusa mpira wa goli lakini bila yeye goli lisingepatikana. Karibuni kwa maswali.