Altezza ya kilomita chache: tuimodifai au tuiache kama ilivyotoka kiwandani?

Mwadila, ndugu watazamaji. Karibuni gereji, hapa Buzuruga, Mwanza.

Gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 1999, gia sita za mkono. Mita inasoma kilomita 58,000. Mwenye gari ni kijana wa Ilemela, amelinunua juzijuzi, na kwenye simu tayari ana orodha: alishushe, aweke ekzosti kubwa, rimu za inchi 18, rangi nyeusi isiyong'aa, halafu turbo baadaye. Ameniomba nianze kazi. Nimemwomba kwanza tulipitie gari pamoja, hatua kwa hatua, na nyinyi mtafuatana nasi. Kama la kwako ni MR2, Celica, Silvia, Impreza au Honda S2000, hatua ni hizihizi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Spea za kumodifai Altezza zipo leo na mwakani zitakuwepo. Altezza ya gia za mkono ambayo hakuna fundi aliyeikata popote ndiyo inayopotea, na kila mwezi zinapungua. Kwa hiyo mimi ninayeulizwa nitakata nini, nitauliza maswali mengi kabla ya kushika grenda.

Hatua ya kwanza: hakikisha hizo kilomita ni za kweli.

Kama mita imerudishwa nyuma, mjadala wote huu hauna maana, kwa sababu utakuwa unatunza kitu ambacho hakipo. Anza na makaratasi. Gari lililotoka mnadani Japani lina karatasi ya mnada, imeandika kilomita, daraja la gari, na mchoro wa bodi wenye alama kila palipokwaruzwa. Ukiona daraja limeandikwa R au RA, ujue liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Tafuta pia cheti cha kulitoa Japani. Kule magari hukaguliwa na serikali kila baada ya miaka miwili, na cheti hicho huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Linganisha na mita yako.

Sasa sogea na kamera hapa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mnaona stika ndogo ya kumwaga oili? Imeandikwa kwa Kijapani, lakini tarakimu zinasomeka: 21, halafu kilomita 41,000. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme wao, na hiyo 21 ni mwaka wa enzi ya Heisei. Ongeza 1988 unapata 2009. Kwa hiyo mwaka 2009 gari lilikuwa na kilomita 41,000, na hadi leo limeongeza 17,000 tu. Inaingia akilini. Ukikuta stika ya miaka ya karibuni yenye namba ndogo kama 3 au 4, huo ni mwaka wa Reiwa, enzi iliyofuata, ongeza 2018.

Baada ya hapo angalia panaposhikwa na kukanyagwa. Ngozi ya stelingi upande wa juu, kichwa cha gia, pedali ya klachi, na ubavu wa kiti cha dereva pale mtu anapojisugua akiingia. Gari la kilomita 58,000 halina pedali iliyolika hadi imekuwa laini. Hili limepita.

Hatua ya pili: tafuta kilichokwisha kuguswa.

Fungua boneti, usome kibao cha chesisi. Kina namba ya rangi. Je, rangi ya kibao ndiyo iliyoko kwenye bodi? Angalia vichwa vya bolti za madigadi na bawaba za boneti: bolti iliyofunguliwa huwa imekwaruzwa rangi. Ingia chini ya dashibodi na tochi, utafute waya zilizounganishwa kwa selotepu, maana hapo ndipo watu wa alamu na redio hufanyia kazi zao. Halafu lala chini kabisa uangalie sakafu. Sisi wa Mwanza ziwa letu ni la maji baridi, hatuna chumvi ya hewani inayokula magari ya Dar es Salaam na Tanga. Lakini gari likitoka sehemu za Japani zenye theluji, barabara za kule humwagiwa chumvi, na kutu huja nayo kutoka hukohuko.

Ukikuta limekatwa kona tatu nne, uamuzi wako umekuwa mwepesi, libadilishe kwa roho safi. Hili letu limeguswa sehemu moja tu, redio. Hata plagi ya waya ya kiwandani ipo, imening'inia.

Hatua ya tatu, na hapa naomba mtulie nami: rekebisha uzee kwanza.

Watu husikia kilomita chache wakafikiri gari ni jipya. Hili ni la 1999. Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka na joto. Gari lililosimama sana huchoka mahali ambapo gari la kazi halichoki, kwa sababu la kazi lilishabadilishiwa vitu hivyo zamani, na hili hakuna aliyeona sababu.

Mfano mzuri ni mkanda wa taimingi. Injini hii, 3S-GE, inatumia mkanda wa mpira, si mnyororo. Desturi ni kuubadilisha kwenye kilomita 100,000. Hili halijafika, na kwenye injini sikuona stika ya kubadilisha mkanda, kwa hiyo nauhesabu kuwa ni uleule wa kiwandani. Ukikatika barabarani umeua injini, na wewe ulikuwa unawaza rimu. Tunabadilisha mkanda, puli zake na wota pampu kwa pamoja, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Endelea: mipira ya maji ya rejeta, bonyeza kwa vidole, ukisikia ngumu au inapasukapasuka, toa. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na ziwa liko hapo, unyevu tunao mwaka mzima, yabadilishe yote. Busha za mikono inayobeba magurudumu, boli jointi za chini za mbele, maunti za injini. Tairi pia, hata kama kashata, yaani meno yake, zimejaa. Tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hiyo ni mzee, hata ingekuwa inang'aa.

Na shokapu. Shokapu za zamani huvuja au hulegea, gari likaanza kuyumba kwenye kona, mwenye gari akasema linahitaji kushushwa. Linahitaji shokapu nzima. Weka mpya za kiwango cha kiwanda, busha mpya na tairi mpya saizi yake, 215/45 inchi 17, kisha fanya alaimenti. Altezza ina mikono miwili kila gurudumu, mbele na nyuma, na ikiwa nzima inakaa barabarani vizuri kuliko nyingi nilizoona zimeshushwa.

Kazi zote hizi siziiti modifikesheni. Ni deni ambalo gari linakudai, ulipe kabla ya jambo lingine.

Hatua ya nne: liendeshe.

Usiamue ukiwa umesimama. Lichukue ukiwa umeshalilipa deni lake, pita Barabara ya Nyerere, Mkuyuni, Nyegezi, Usagara, hadi daraja la Kigongo–Busisi, uvuke ziwa, urudi. Heshimu 50 kwenye makazi. Halafu lipandishe mlimani unakokaa, kwenye mawe yetu haya, usiku, na siku ya mvua. Andika kwenye daftari kinachokusumbua kweli: taa hafifu? Breki zinachoka kwenye mteremko? Kiti kinauma mgongo? Hiyo ndiyo orodha. Ile ya kwenye simu aliitunga kabla hajaliendesha.

Kuna jambo moja la nguvu mlijue. RS200 ya gia za mkono ilitolewa na nguvu farasi 210, na zinapatikana kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. Hizo ni namba za usawa wa bahari. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu. Kwa hiyo ukihisi gari ni zito ukiwa Mwanza, si lazima liwe bovu, na ekzosti kubwa hairudishi hiyo hewa. Mara nyingi utapata kelele tu. Injini hii inataka izungushwe juu, kichwa chake kilitengenezwa kwa ushirikiano na Yamaha kwa ajili hiyo. Jifunze kushusha gia kabla ya kununua kitu.

Hatua ya tano: gawa orodha yako kwa swali moja. Nikichoka na kitu hiki, nitalirudisha gari lilivyokuwa kwa spana tu?

Vinavyojibu ndiyo, viweke upande mmoja. Rimu nyingine, breki padi bora, shokapu za kurekebisha, kichwa cha gia, kiti kinachofungwa kwenye bolti zilezile, ekzosti inayofungwa kwa bolti huku ya kiwandani ikiwa imehifadhiwa. Hivyo sina ugomvi navyo.

Vinavyojibu hapana ni vile vinavyohitaji grenda, mashine ya kuchomelea, au mkasi kwenye waya. Kukata ekzosti katikati na kuchomelea bomba. Kukunja mdomo wa madigadi ili rimu pana iingie. Kutoboa boneti. Kukata waya za kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Kupiga rangi nyingine, maana rangi ya kiwandani hutokea mara moja tu, na zaidi ya hayo rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukiibadilisha, na kadi inabidi ibadilishwe.

Kukata springi nakutenga peke yake kwa sababu mjini hapa kunafanyika kila siku, na nakupinga kabisa. Springi iliyokatwa huwa fupi kuliko nafasi yake. Gurudumu likining'inia kwenye shimo, springi inaweza kutoka kwenye kikalio chake, na gurudumu likirudi chini hujui imekaa wapi. Shokapu nayo inagonga mwisho kila tuta, na matuta tunayo. Kama lazima ushushe, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, zile za kiwandani zihifadhi nyumbani, na ushushe kidogo tu.

Turbo nayo. Mgandamizo wa injini hii ni 11.5 kwa 1, ambao ni mkubwa, na ilitengenezewa petroli ya daraja la juu. Ukisukuma hewa ya turbo humo bila kubadilisha pistoni na kuipanga upya kompyuta, injini itagonga mpaka ivunjike. Ni kufungua injini nzima. Kwenye injini ya kilomita 58,000 isiyovuja tone, mimi mkono wangu hauendi.

Hatua ya sita ni hesabu, nayo ni fupi. Usiulize modifikesheni itagharimu kiasi gani. Uliza kupata gari jingine kama hili kutagharimu kiasi gani. Marekani inaruhusu magari yaliyofikisha miaka 25 kuingia hata kama hayakutengenezwa kwa viwango vya kule, kwa hiyo Altezza za 1999 zilifunguliwa mlango huo mwaka 2024, na wanunuzi wa kule wako kwenye minada ileile unayonunulia wewe. Kwetu ukiagiza gari la umri huu unalipa na ushuru wa ziada wa uchakavu. Na chochote utakachobadilisha, iambie kampuni yako ya bima kwa maandishi kabla ya ajali.

Kama moyo wako unataka gari la kelele, la kushushwa na la kuchezea kona, sikukatazi, ni raha yake. Tafuta Altezza ya otomatiki iliyochoka, iliyokwisha kunyooshwa bodi. Zipo. Hiyo ikate utakavyo, na ujifunzie humo.

Hatua ya saba: kila unachokitoa, kihifadhi. Kisafishe, ukipake oili nyepesi kama ni chuma, kifunge kwenye nailoni, na bolti zake kwenye mfuko wake. Andika juu ya boksi: kimetoka wapi, tarehe, kilomita. Usikiache gereji, hata kama gereji yenyewe ni ya kwangu. Kipeleke nyumbani, kiweke juu ya mbao, mbali na sakafu. Piga picha kabla na baada. Siku ukiuza, mnunuzi akiona maboksi hayo na risiti, mazungumzo ya bei yanakuwa mengine.

Tumerudi kwenye orodha ya kijana wetu. Turbo ameifuta mwenyewe. Rangi ameiacha. Rimu za inchi 18 anasubiri mpaka aone za inchi 17 zikiwa na tairi mpya. Ekzosti, tumekubaliana ya kufunga kwa bolti, na si mwaka huu. Kimebaki kiti, taa, na breki padi bora.

Betri nimeshaitoa waya wa negativu. Sogeza kamera upande huu, tunafungua kava la mkanda wa taimingi.