Jibu Liko Kwenye Sentensi: Mhadhara Kuhusu Milinganisho ya Maneno

Ndugu walimu, na nyinyi wanafunzi mlioacha mapumziko yenu mkaja hapa, ahsanteni sana. Tuanze kazi moja kwa moja. Nimeandika ubaoni: seremala : mbao. Chagueni jozi inayolingana nayo: (a) dobi : nguo, (b) mfinyanzi : udongo, (c) mkulima : jembe.

Naona wengi mmeshapata b. Vizuri. Sasa niambieni kwa nini si a. Mkisema "seremala hufanya kazi na mbao", dobi amepita, maana naye hufanya kazi na nguo. Hata mkulima na jembe lake amepita. Sentensi hiyo ni pana mno, haijachuja kitu. Ikazeni kidogo: "seremala huchukua mbao akatengeneza kitu kingine." Dobi anapokea shati chafu, anarudisha shati lile lile likiwa safi. Mkulima anatumia jembe, lakini halibadiliki kuwa kitu kingine. Mfinyanzi ndiye anayechukua udongo na kutoa chungu. Amebaki peke yake.

Hiyo ndiyo njia ninayoitetea leo. Kabla hujatazama machaguo, tunga sentensi inayounganisha maneno mawili uliyopewa. Machaguo mawili yakipita, kaza sentensi. Lisipopita hata moja, ilegeze au utafute uhusiano mwingine. Vitabu vingi vya mazoezi huorodhesha aina za uhusiano: kinyume, kisawe, sehemu na kitu kizima, mtu na kazi yake. Orodha hiyo inasaidia kuanza, lakini "mtu na kazi yake" isingetutenganishia dobi na mfinyanzi.

Na chungeni mwelekeo. Ndama kwa ng'ombe si sawa na kuku kwa kifaranga. Uhusiano upo, ila umepinduliwa, na watungaji wa mitihani wanaupenda sana mtego huo.

Kuna milinganisho mingine ambayo haihusu maana bali umbo. Linda hutoa mlinzi, penda hutoa mpenzi, panda hutoa mpanzi. Kwa kulinganisha hivyo, mtoto mdogo anaweza kusema kutokana na shinda tunapata "mshinzi". Lugha imechagua mshindi. Naomba mtoto huyo asichekwe: amegundua kanuni bila kufundishwa, na sasa anahitaji tu kuambiwa neno lililoikwepa.

Twende kwenye swali gumu zaidi, nalo linatoka nyumbani kwetu sote. Mjomba : mama. Machaguo ni (a) ami : baba, (b) shangazi : baba, (c) babu : mama. Babu anatoka mapema, kwa sababu ni mzazi, si ndugu. Wanabaki wawili. Anayesema "mjomba ni ndugu wa kiume wa mama" atachagua ami, kwani ami ni ndugu wa kiume wa baba. Anayesema "mjomba ni ndugu wa mama wa jinsia tofauti na yake" atachagua shangazi, kwani shangazi ni ndugu wa kike na baba ni mwanamume. Nani kakosea? Hakuna. Sentensi zote mbili ni za kweli na zote zimekazwa. Aliyekosea ni mtungaji aliyeweka ami na shangazi kwenye swali moja. Mwanafunzi akipewa alama ya kosa hapo ameonewa, na mimi jambo hilo linaniuma.

Kuonea huko kuna sura nyingine. Mtihani wa SAT wa Marekani, ulioanza mwaka 1926, ulikuwa na sehemu ya milinganisho kwa miaka mingi, hadi ilipoondolewa mwaka 2005. Swali lake lililolalamikiwa sana lilitaka jozi inayolingana na mkimbiaji na marathoni. Jibu lilikuwa mpiga makasia na mashindano ya mitumbwi, tena kwa neno la Kiingereza "regatta", ambalo lilijulikana zaidi kwenye familia zenye uwezo. Mtoto aliyeelewa kabisa kwamba mkimbiaji hushindana kwenye marathoni angeweza kukosa kwa sababu tu hajawahi kulisikia neno lile. Nasi tunafanya vivyo hivyo tunapomuuliza mtoto wa Marsabit, mbali na bahari, kuhusu foromali na jahazi. Mtoto wa Lamu anaiona foromali ikibeba tanga kila siku. Tukitaka kupima msamiati wa baharini, tuupime waziwazi. Tukitaka kupima uhusiano, maneno yawe yale ambayo watoto wote wanayo.

Aristotle alieleza zamani sana kwamba uzee kwa maisha ni kama jioni kwa siku, na kwamba kwa sababu hiyo mshairi anaweza kuuita uzee jioni ya maisha. Wanafunzi wanaohangaika na tamathali za semi wajaribu mlango huu. Wakishaona maneno manne, sitiari inafunguka.

Swali la mwisho, tulitatue pamoja. Tita : kuni. Kuna (a) mkungu : ndizi, (b) bunda : noti, (c) msitu : miti. Mkisema "tita ni kuni nyingi mahali pamoja", yote matatu yanapita. Kazeni: "tita ni kuni zilizokusanywa na mtu akazifunga pamoja." Miti ya msituni haikufungwa na mtu. Ndizi zimeota zenyewe zikiwa zimeshikana mkunguni. Noti mtu amezihesabu, amezipanga, amezifunga.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Mnapotunga zoezi la namna hii, acheni mstari mmoja mtupu chini ya kila swali, mwanafunzi aandike sentensi yake, na mstari huo uwe na alama zake. Aliyechagua ami kwa sentensi ya kweli apewe haki yake.

Sasa karibuni kwa maswali.