Uvimbe Usio Saratani na Saratani Adimu za Kizazi

Ndugu wasikilizaji, mwanamke akiambiwa kuwa ana uvimbe kwenye kizazi, jambo la kwanza analotaka kujua ni kama uvimbe huo utageuka saratani. Anastahili kujibiwa kwa ukamilifu, kwa sababu hofu iliyopita kiasi huwafanya wengine waondolewe kizazi bila haja, na kupuuza dalili huwachelewesha wengine kupata tiba.

Fibroidi ni uvimbe wa misuli laini ya kizazi, nao huwapata wanawake wengi kabla ya kutimiza miaka 50. Saratani ya misuli hiyohiyo, yaani leiomaiosakoma, ni adimu, na wataalamu wengi wanaona kwamba kwa kawaida huanza yenyewe badala ya kutokana na fibroidi. Ugumu uko kwenye kuzitofautisha kabla ya upasuaji, maana kwa ultrasaundi huweza kufanana kabisa. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikadiria kuwa mwanamke 1 kati ya 350 wanaofanyiwa upasuaji wa fibroidi huwa na sakoma, yaani saratani ya misuli au tishu laini za kizazi, ambayo haikutambuliwa, ikaonya dhidi ya kifaa cha kusaga uvimbe ndani ya tumbo, kwa kuwa vipande vinavyotawanyika huweza kusambaza saratani. Uvimbe ukishatolewa na kupasuliwa, fibroidi huonekana ngumu, nyeupe, yenye nyuzi zilizojiviringa, ilhali sakoma mara nyingi huwa laini, ya kijivu au manjano, yenye sehemu zilizokufa na zilizovuja damu. Hata hivyo macho hayatoshi, na kwa maoni yangu hakuna uvimbe unaopaswa kutupwa kabla haujapimwa kwa darubini.

Katika adenomiosisi, tezi za utando wa ndani wa kizazi huota katikati ya misuli, na mara chache sana saratani huzaliwa humo. Daktari akichukua kinyama kutoka kwenye utando, majibu yanaweza kurudi safi, kwa sababu ugonjwa umejificha chini zaidi. Mara nyingi hugunduliwa baada ya kizazi kuondolewa, pale mtaalamu wa patholojia anapoona tezi za kawaida zikibadilika hatua kwa hatua kuwa za saratani. Kwa hiyo mwanamke aliyekwisha koma hedhi akitokwa na damu, asiridhike na jibu moja safi iwapo damu inaendelea.

Kuna pia mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo tishu za kondo la nyuma huota kama vishada vya zabibu; yenyewe si saratani, lakini masalia yake huweza kuzaa koriokasinoma, saratani ya tishu hizo za kondo. Hii hutibika vizuri mno kwa dawa, methotreksati ikiwa mojawapo, mradi igundulike mapema. Ndiyo maana baada ya kusafishwa kizazi, mgonjwa hupimwa homoni ya ujauzito kwenye damu mara kwa mara hadi ishuke kabisa, kisha huendelea kufuatiliwa kwa miezi kadhaa. Katika kipindi hicho hushauriwa kutumia uzazi wa mpango, kwani mimba mpya huipandisha homoni hiyohiyo, na daktari hushindwa kujua kama iliyopanda ni ya mtoto au ya ugonjwa uliorejea.