Kutembea Sambamba na Msafara wa Magari: Mpango Unaanzia Kwenye Vituo vya Kukutania

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Safari tunayoizungumzia jioni hii mnaijua. Magari ya 4x4 yanatoka Nairobi alfajiri, yanateremka Mai Mahiu na kushika njia ya vumbi kuelekea mlima fulani. Baadhi ya abiria wanataka kushuka na kutembea, wakutane na wenzao huko juu, na usiku wote walale kambi moja. Kwa kawaida watu huchora njia kwanza, halafu suala la kukutana linamalizwa kwa neno moja: "Tutaonana mbele." Tunawasihi mgeuze utaratibu huo. Safari ya namna hii huharibika mahali pa kukutana, hata kama njia yenyewe ilikuwa nzuri.

Tuchukue Suswa, mlima wa mita 2,356 wenye kreta mbili, yaani mashimo ya volkano, moja ndani ya nyingine. Tuseme mmepanga kipande cha kilomita 12 chenye mwinuko wa mita 600. Mtembeaji hukadiriwa kilomita 5 kwa saa, kisha unaongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Hiyo ni saa tatu na dakika 24. Lakini hesabu hiyo haina mapumziko, haina jua kali wala mtu mwenye lengelenge kisiginoni. Ongeza nusu yake, upate kama saa tano.

Sasa magari. Watu hudhani yatafika mapema sana, nao hukosea hapo. Kwanza msafara unasimama kutoa upepo kwenye matairi, labda kutoka psi 35 hadi 20, ili tairi litandaze na kushika mchanga na mawe. Dakika 20 zimekwenda. Kwa gia nzito, kilomita 8 kwa saa ni mwendo mzuri, kwa hiyo kilomita 12 ni saa moja na nusu. Magari sita yakipita korongo moja baada ya jingine, kila moja dakika tano, ni nusu saa, na makorongo ya aina hiyo yakiwa matatu, ni saa moja na nusu nyingine. Gari moja likwame, livutwe kwa winchi, ile mashine ya garini inayokunja waya, ongeza dakika 45. Jumla inapita saa nne. Tofauti kati ya makundi haya mawili ni ndogo, tena haitabiriki, kwa sababu hakuna ajuaye ni korongo lipi litakalosumbua.

Ndiyo maana kituo cha kukutania lazima kiwe mahali ambapo kundi lolote linaweza kusubiri saa mbili bila kuteseka: pana kivuli, panaonekana kwa mbali, pana nafasi ya kugeuza gari. "Kwenye ule mti mkubwa" haitoshi. Andikeni namba za GPS, na kila mtembeaji awe nazo kwenye simu na kwenye karatasi. Kipande kimoja kisizidi saa tatu za kutembea, kwa hiyo kilomita 12 zetu zinahitaji kituo katikati. Na cha mwisho kifikiwe kabla ya saa kumi na nusu jioni. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza halisubiri, hivyo mnabaki na saa mbili za mwanga kumtafuta aliyechelewa.

Halafu kanuni ya kusubiri. Hii ndiyo roho ya mpango wote. Magari yakichelewa dakika 60, watembeaji wanabaki pale pale. Yakichelewa dakika 120, wanaacha karatasi yenye saa na mwelekeo, wanarudi kwa kufuata njia ya magari, na hawakati kona hata moja kupitia vichakani. Watembeaji wakichelewa, magari hayatawanyiki kuwatafuta: gari moja linarudi, mengine yanabaki. Makundi mawili yanayotafutana kwa wakati mmoja yanaweza kupishana mita mia mbili, kila moja likiwa upande wake wa kilima, hadi usiku. Msitegemee simu kuwaokoa hapo. Redio za mkononi zinafaa, mkipata kibali cha masafa, ila ukingo wa kreta ukikaa kati yenu sauti inakatika.

Mzigo. Hema, sufuria na blanketi viwekwe garini, sawa kabisa. Ila maji, koti, tochi ya kichwa, filimbi, chakula cha siku na dawa zako havitoki mgongoni mwako, kwa sababu gari lenye begi lako ndilo linaloweza kuvunjika ekseli na kurudi Mai Mahiu. Maji ni lita nne kwa mtu kwa siku. Suswa haina mto. Wenyeji huvuna maji kutoka kwenye mvuke unaotoka ardhini, na maji hayo ni ya kwao na mifugo yao.

Mkiwa karibu na magari, kaeni kando ya njia, msitembee kati ya gari na gari. Gari linalopanda mwamba linaweza kurudi nyuma ghafla, na tairi linalozunguka hurusha jiwe. Likipita mteremko limeinama upande, msisimame upande wa chini. Waya wa winchi ukivuta, kaeni mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wake, kwa maana ukikatika huchapa kama mjeledi. Na asidandie mtu bampa, hata kwa mita kumi.

Msiiamini njia iliyorekodiwa mwaka jana. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa ulifunguka na kuikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Ardhi ya pale imejaa majivu ya volkano. Maji yakipita chini yanayasomba, na juu panadidimia. Kwa hiyo mchukueni kiongozi mwenyeji, na hasa atembee na kundi la miguu. Katika hifadhi za taifa, ulizeni kwanza kama kushuka garini kunaruhusiwa. Nyingi za nyikani haziruhusu isipokuwa sehemu maalum.

Kundi la miguu lisipungue watu wanne. Mmoja akiteguka, mmoja anabaki naye, wawili wanafuata msaada. Gari la kubeba mgonjwa lichaguliwe tangu Nairobi: liwe na kiti cha nyuma kitupu, mafuta zaidi ya nusu tangi, na likifika kambini liegeshwe likitazama njia ya kutokea. Dereva wake ndiye anayeshika orodha ya majina, na asubuhi ya kuondoka anaisoma kwa sauti kabla kompresa haijawashwa kujaza matairi upepo.