Saratani ya Mapafu Ikibisha Hodi Mlango Usio Wake

Wenzangu matabibu, wauguzi, nanyi wa kliniki za meno na macho, shikamooni wakubwa zangu. Leo nazungumza nanyi hasa, maana mgonjwa ambaye saratani ya mapafu imembana neva za fuvu, zile nyuzi zinazounganisha ubongo na uso, macho na koo, hatakuja kwangu kwanza. Atakuja kwenu.

Tuseme ni mama wa miaka 58, ameketi kwenye kiti cha daktari wa meno. Nusu ya kidevu na mdomo wa chini imekufa ganzi, kana kwamba amechomwa sindano ya kung'olea jino, ila hii haiishi. Akila anajiuma mdomo bila kujua. Hajang'olewa jino, hajaanguka, taya halina usaha. Ni rahisi sana kumwandikia vidonge vya vitamini na kumuaga. Tafadhali msimuage. Hisia za kidevu hubebwa na kijitawi cha neva ya 5 ya fuvu, kinachopita ndani ya mfupa wa taya. Saratani ya matiti, ya tezi za limfu au ya mapafu ikiota humo, kijitawi kile hubanwa, na pengine mama mwenyewe hajui kabisa kwamba anaumwa saratani.

Neva za fuvu ni jozi 12, na nyingi hupenya vitundu vyembamba kwenye kitako cha fuvu. Penye nafasi finyu hivyo, uvimbe mdogo hufanya makubwa. Neva ya 6 ikilegea, jicho linashindwa kutazama nje na mgonjwa anaona vitu viwili viwili. Ataenda kutafuta miwani. Ikiguswa ya 12, ulimi ukitolewa hupinda kuelekea upande uliolegea, na mara nyingi kisogo kinauma upande uleule. Saratani ikitapakaa kwenye utando wa ubongo, neva huanguka moja baada ya nyingine: leo jicho, baada ya siku chache sikio, kisha kumeza.

Sauti nayo inanisumbua kuliko zote, kwa sababu tumeizoea. Neva inayoendesha kamba ya sauti ya kushoto ni tawi la neva ya 10. Inashuka hadi kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo inapanda tena kooni. Njia ndefu hiyo inapita kando ya tezi ambazo saratani ya pafu la kushoto hupenda kuzivamia. Mwalimu au muadhini aliyekwama sauti zaidi ya wiki 3, asiye na mafua, anatafuna tangawizi na kumeza antibayotiki, kumbe tatizo liko kifuani.

Uso uliopinda tunasema kapigwa upepo, au kiharusi. Wengi hupinda ghafla, ndani ya siku 3, na hupona. Hao si wa kuwatisha. Uhofieni uso unaopinda polepole kwa wiki kadhaa, au uliopinda pamoja na neva nyingine.

Najua mtakachoniuliza: si hata kifua kikuu huingia kwenye utando wa ubongo? Huingia, na fangasi pia kwa mwenye VVU, na kisukari hulegeza neva za jicho. Kwa hiyo vipimeni hivyo vyote. Kinachoniumiza ni mgonjwa kumaliza miezi 6 ya dawa za kifua kikuu bila makohozi yake kuonyesha vimelea hata siku moja, kivuli pafuni kikizidi kukua.

Basi ulizeni: unakohoa tangu lini? Umekohoa damu? Umekonda? Unavuta sigara? Asiyevuta naye msimwache, anaweza kuipata. Mpelekeni eksirei ya kifua, na ikiwa safi huku dalili zinaendelea, aende siti skani, kipimo cha picha kinachoonyesha zaidi. Saratani ikishafika kwenye neva hizi, mara nyingi imeshasambaa, sitawadanganya. Lakini mionzi, kama ile inayotolewa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, inaweza kutuliza maumivu na kuokoa jicho lisizidi kuharibika, na kwa baadhi ya wagonjwa kipande kidogo cha uvimbe kikipimwa vinasaba hupatikana vidonge vinavyolenga saratani yao. Neva iliyobanwa siku chache ina nafasi nzuri kuliko iliyobanwa miezi.

Sasa geukeni kila mtu na jirani yake. Mwambie akunje kipaji cha uso, afuate kidole chako kwa macho, atoe ulimi, aseme "aaa". Kisha mguse kidevu kwa pamba, kulia na kushoto, umuulize kama ni sawasawa. Ninapita nyuma yenu.