Kitanzi Si Kisasi: Mhadhara Uliotolewa Wete, Pemba

Assalaam alaykum. Mashekhe wetu, kina mama, vijana wa Wete, ahsanteni kwa kuja.

Kabla hatujakaa, mzee mmoja kanishika mkono hapo mlangoni: "Mwalimu, akiuliwa mwanao, utasema adhabu ya kifo iondoshwe?" Suali la haki. Naanza nalo kwa sababu Unguja na Pemba anayetetea kitanzi hukitetea kwa Qur'ani, kwamba kisasi ni amri ya Mungu.

Kisasi kimo, kweli. Lakini Suratul Baqara, aya ya 178, isomeni mpaka mwisho. Aya hiyo hiyo inamfungulia mwenye damu, yaani jamaa wa aliyeuliwa, mlango wa kusamehe na kupokea dia, fidia ya damu, kwa wema, na Mwenyezi Mungu anaita hiyo tahafifu, yaani nafuu, na rehema. Sasa nendeni Mahkama Kuu mkasikilize kesi ya mauaji. Mkurugenzi wa Mashtaka upande huu, mshitakiwa na wakili wake upande ule. Mama wa marehemu yuko wapi? Yuko benchi la nyuma na buibui lake, na akiitwa, kaitwa kutoa ushahidi. Hapana anayemgeukia kumuuliza: bibi, wataka damu, wataka dia, au unasamehe? Kadhi naye hana kauli hapo, kazi yake ndoa, talaka na mirathi. Kitanzi hiki tumekirithi kwa Mwingereza, pamoja na majoho ya majaji. Kwa hiyo mzee wangu, akiuliwa mwanangu, sheria hii hainipi kisasi unachokitaja. Inanipokonya hata haki ya kusamehe.

Na sisi Wazanzibari tuna jengine la kutuogopesha. Mzee Karume, rais wetu wa kwanza, aliuliwa Aprili 1972. Kesi ya uhaini ikasikilizwa na mahkama ya wananchi, washitakiwa hawana mawakili. Mwaka 1974 wengi wakahukumiwa kifo, Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri, akiwa mmoja wao, naye hata mahkamani hakuwapo: alikuwa kizuizini Bara, na Mwalimu Nyerere hakumrejesha huku. Mwaka 1978 akaachiwa. Akafundisha, akaandika, akaishi hadi 1996. Simhukumu mtu katika yale ya 1972. Wazee mliopo mnajua ulimi unavyokuwa mzito tukifika hapo. Lakini lau angeletwa Unguja akanyongwa, rufaa gani ingemrudisha?

Huko Bara, kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji hiari: muuaji ni kifo tu. Novemba 2019 Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu, pale Arusha, ilisema kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hajanyongwa mtu nchini, na Rais Magufuli mwaka 2017 alisema hadharani kwamba hatotia saini mtu kunyongwa. Ila hukumu zinaendelea kutoka, na mtu anakaa miaka na miaka akisikiliza funguo za askari jela kila alfajiri. Ikiwa rais aliona uzito kutia saini, kwa nini tumtwike jaji kuitamka?

Wawakilishi wetu wanakutana Chukwani. Ninalowaomba ni kifungo kirefu mahali pa kitanzi, na familia ya marehemu isikilizwe kabla ya hukumu. Tena ilipwe fidia, maana leo muuaji akishahukumiwa, mjane na mayatima wanapanda gari kurudi shamba mikono mitupu, na hapana afisa anayewauliza watakula nini.