Salamu Zimfikie Una Marson

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za jioni. Walionisikia mwaka jana wanisamehe, hadithi ni ileile, na nitairudia mpaka siku nitakayouliza "Una Marson ni nani?" na mikono ikanyooka. Leo nimewauliza watu wanane pale mlangoni. Saba wamecheka tu. Wa nane, kijana mtanashati, kaniambia ni mchezaji wa tenisi.

Kuna picha ya mwaka 1942, studio ya BBC, London. George Orwell, mwandishi wa riwaya, kasimama nyuma. Mshairi T. S. Eliot kaketi mezani, na ubavuni mwake kaketi mwanamke mweusi. Picha ile huonyeshwa kwa ajili ya wale mabwana wawili. Mimi nimekuja kwa ajili ya huyo dada.

Kazaliwa Jamaika, 1905, binti wa mchungaji wa Kibaptisti. Ya utotoni mtayatafuta wenyewe. Mwaka 1928, ana miaka 23, anaanzisha jarida lake Kingston, The Cosmopolitan, analihariri yeye mwenyewe. Alikuwa akiwaandikia makarani wa kike, wasichana wa hatimkato na taipu, maana na yeye ndiyo kazi aliyoanzia. Mwaka 1932 akapanda meli kwenda London na ujuzi wake mkononi. Akaenda kwa wakala wa ajira. Akajibiwa kwamba wanawake weusi hawasajiliwi, kwa sababu itabidi wakae ofisi moja na wanawake weupe! Akaishia kuwa katibu bila mshahara kwenye League of Coloured Peoples, chama cha Dk. Harold Moody cha kutetea haki za watu weusi, kule Peckham, London. Mwaka 1935 yuko Istanbul kwenye mkutano wa kimataifa wa wanawake, anahutubia. Mwaka uliofuata akafanya kazi ya ukatibu kwa Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia aliyekuwa uhamishoni, akafuatana naye hadi Geneva.

Mnaona? Nilipotaja Haile Selassie ndipo mabwana mmeinua vichwa. Jarida la 1928 hamkulisikia.

Sasa nije kwenye langu. Mwaka 1941 BBC ikamwajiri, akawa mtayarishaji wa kwanza mwanamke mweusi pale. Kipindi chake kiliitwa Calling the West Indies, yaani kuwaita watu wa Karibi. Vijana wa Karibi walikuwa Uingereza vitani, wengine jeshi la anga, wengine viwandani. Wanaingia studio, wanasema jina, wanamsalimu mama, wanatoka. Basi wasomi wanasema, aa, kipindi cha salamu.

Salamu! Mtu wa kwetu atadharau salamu? Mama yangu alikuwa na kopo la biskuti lililojaa kadi za salamu. Alijaza kwa kalamu ya wino wa bluu, taratibu, jina, sanduku la posta, halafu majina ya watu, halafu ule mstari mmoja wa ujumbe, ambao aliuwaza siku tatu. Siku alipohisi zamu yake imefika, betri zilianikwa juani tangu asubuhi, majirani wakaitwa, na sisi watoto tukakatazwa hata kukohoa. Mtangazaji akasoma majina kumi na moja. La baba mdogo akalikosea. Haidhuru! Baba mdogo alikuwa mbali, hatukuwa tumemsikia miaka miwili, na wiki tatu baadaye ikaja barua: "Nimesikia." Mama aliisoma barua ile kwa kidole, neno moja moja, kisha akaitia ndani ya kopo pamoja na kadi. Hapakuwa na vita wala manowari baharini. Sasa fikiria mama wa Kingston mwaka 1942.

Najua kuna mtu huko nyuma anataka kuniambia redio ile ilikuwa ya mkoloni. Ilikuwa ya mkoloni, nani kakataa? Mwingereza alitaka askari na alitaka makoloni yatulie. Una Marson alilijua hilo kabla hujazaliwa, tena alikuwa ameshaandika shairi kali juu ya tusi alilotupiwa barabarani London. Lakini ukipewa ufunguo wa nyumba ya mwenye nyumba mbaya, unaurudisha? Yeye aliingia, akapanga viti. Ndani ya kipindi kilekile cha salamu akapenyeza mashairi na hadithi za watu wa Karibi, na mwaka 1943 hilo likawa kipindi cha Caribbean Voices, Sauti za Karibi. Kipindi kikaishi hadi 1958. Waandishi wa Karibi Derek Walcott na V. S. Naipaul walisomwa humo wakiwa vijana, na wote wawili walikuja kupata Nobeli ya fasihi. Anayetajwa sana kwa kipindi hicho ni Henry Swanzy, aliyekipokea. Alifanya kazi nzuri, sina ugomvi naye. Nauliza tu alipokea kwa nani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, kwa haraka: alichoka, akaugua, 1946 akarudi kwao. Akafariki Kingston, 1965. Tamthilia zake, pamoja na ile iliyochezwa Scala Theatre, London, mwaka 1934 na waigizaji weusi, nilikuwa nimeziandalia kurasa nne hizi hapa, nazikunja. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kabla hamjauliza, ilianza 1957, yeye alishaondoka zamani.

Maswali? Naona kijana wa tenisi kanyoosha mkono.